Carley au Doug: uamuzi wako kwenye gemu unasomwa na nani?

Swali: Salaam, mtaalamu. Mimi na mdogo wangu tuko Mbale. Tumemaliza The Walking Dead ya Telltale, ile ya mwanzo kabisa. Mwanzoni unaokoa mmoja tu kati ya wenzako wawili: mimi nilimwokoa Carley, yeye akamwokoa Doug. Kufika sehemu ya tatu, Carley wangu amekufa na Doug wake amekufa, tena kwenye tukio lile lile, na mwisho wa gemu kwetu sote ni mmoja. Mdogo wangu anasema gemu za hadithi ni sinema tu, vitufe ni vya kutupumbaza. Ni kweli? Na kama zipo ambazo uamuzi una uzito, nitazitambuaje kabla sijamaliza pesa na bando?

Jibu: Ndugu yangu, mdogo wako ameona jambo la kweli, ila amelipimia mwishoni, na hakuna mahali pabaya pa kupimia gemu ya hadithi kama mwishoni. Uamuzi una uzito pale ambapo kuna kitu mbele kinachousoma. Usiposomwa popote hauna uzito, hata kama muziki ulibadilika na kioo kikatetemeka wakati unachagua. Zipo gemu zinazosoma maamuzi yako sana katikati ya safari, halafu zinawatoa wachezaji wote kwa mlango mmoja. Zipo nyingine ambazo kwa saa ishirini hazisomi lolote, halafu dakika ya mwisho zinakuwekea miisho mitatu ili zisifiwe. Mimi nazithamini zaidi zile za kwanza.

Tahadhari kabla sijaendelea: nitataja nani anakufa na nini kinatokea katika The Walking Dead, Mass Effect, BioShock na The Witcher. Kama hujazicheza na hutaki kuharibiwa utamu, ruka mpaka nitakapoanza kuzungumzia seve, yaani kumbukumbu ya mahali ulipofikia.

Unapobonyeza kumwokoa Carley, gemu haifungui dunia mpya. Inaandika alama moja ndogo ndani ya faili la seve, kitu kama "carley yuko hai: ndiyo". Kazi ya kitufe imeishia hapo. Yanayofuata yanategemea kama waandishi waliweka, mahali fulani mbele, sharti linalosema: ukikuta alama hii cheza tukio hili, usipoikuta cheza lile. Tukio lenyewe linaweza kuwa sentensi moja ya mhusika anayekukumbusha ulichofanya, au sura nzima ya gemu. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu gemu yoyote ni alama zake zinasomwa mara ngapi, na zikisomwa kinabadilika nini.

Kwa nini wasiache kila uamuzi uzae njia yake? Piga hesabu. Chukua hadithi yenye maamuzi 10, kila moja lina njia mbili, na njia zisikutane tena. Utahitaji matukio 2,047, na miisho ni 1,024. Kila tukio likiwa na maneno 300, umeandika maneno 614,100. Mchezaji anayeimaliza mara moja ataona matukio 11 tu. Yaliyobaki yote yamegharamiwa, yamechorwa, waigizaji wamelipwa sauti, na huyu hatayaona. Sasa chukua maamuzi yale yale 10, lakini baada ya kila uamuzi njia mbili zikutane kwenye tukio moja. Matukio yanashuka hadi 31, maneno 9,300, na mchezaji mmoja anaona matukio 21 kati ya hayo. Kila kampuni inayotengeneza gemu za hadithi inasimama mahali fulani kati ya namba hizi mbili, na nyingi zinasimama karibu sana na ile ya pili. Telltale ilikuwa ikitoa gemu yake kwa sehemu tano, sehemu moja baada ya nyingine ndani ya mwaka 2012. Kwa mwendo huo haikuwa na nafasi ya kumbeba Carley au Doug hadi mwisho, kwa sababu kila tukio ambalo mmoja wao yumo lingeandikwa mara mbili. Ndiyo maana wote wawili wanaondolewa kwenye sehemu ya tatu, pale kando ya barabara. Mhusika anayeweza kuwa amekufa ni mhusika wa gharama. Ukiona gemu imekuachia kuchagua nani aishi, tegemea kwamba aliyebaki ataongea kidogo, atasimama nyuma ya wengine, na hatakaa sana.

Lakini rudini mkatazame vizuri vifo vile viwili. Carley anapigwa risasi na Lilly, mwenzao wa kikundi, kwa makusudi katikati ya ugomvi. Doug anapigwa risasi ambayo haikuwa yake. Lilly alimlenga Ben, kijana wa kikundi hichohicho, Doug akamsukuma Ben akaipokea yeye. Kwako Lilly ni muuaji aliyeamua. Kwa mdogo wako ni mtu aliyeshindwa kujizuia, akampata asiyemkusudia. Halafu linakuja lile swali la kumwacha barabarani au kwenda naye. Vitufe ni vilevile kwenye skrini zenu zote mbili, lakini mnamhukumu Lilly kwa makosa mawili tofauti. Na sehemu ya tano, yule mgeni aliyemchukua Clementine, msichana mnayemlinda, anaketi na Lee, mhusika mnayemchezesha, na kumsomea mambo aliyoyafanya tangu mwanzo, moja baada ya jingine. Hapo ndipo alama zinaposomwa kwa sauti. Hazibadilishi kwamba Lee ameng'atwa na mfu anayetembea na hatapona. Zinabadilisha unavyojibu.

Ukitaka mfano wa hapa kwetu, fikiria VJ, yule anayetafsiri sinema kwa sauti yake, kwenye kibanda cha video. Sinema ni ileile, jambazi anakufa dakika ileile, lakini VJ mmoja akiitia Kiganda chake unatoka unamcheka jambazi, mwingine akiitia chake unatoka unamhurumia. Picha haikubadilika hata moja. Maamuzi mengi ya The Walking Dead ni ya namna hiyo: wewe ndiye unayesema Lee ni mtu wa aina gani, na tukio linabaki lilivyo. Kuuita huo udanganyifu ni kukaza mno. Kosa la Telltale lilikuwa kwenye ahadi. Kila sehemu ilifunguka kwa maandishi kwamba hadithi inajipanga kulingana na unavyocheza, na yale maneno ya pembeni kwamba Clementine atakumbuka yalijitokeza hata pale ambapo hakukuwa na chochote cha kukumbukwa.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili, mahali ambapo uamuzi unasomwa kweli, kwa sababu bila kuona mfano mmoja kwa karibu mdogo wako hatashawishika.

Mass Effect ni gemu tatu za BioWare, 2007, 2010 na 2012, na seve ya moja inaingizwa kwenye inayofuata. Kuna watu wanaoitwa wakrogani, ambao walitiwa ugonjwa unaozuia watoto wengi kuzaliwa. Katika gemu ya kwanza, kwenye sayari ya Virmire, rafiki yako Wrex anakuinulia bunduki kwa sababu unataka kulipua kituo chenye dawa ya ugonjwa huo. Unaweza kumtuliza au anaweza kufa palepale. Katika gemu ya pili, daktari Mordin anakutana na mwanafunzi wake wa zamani, Maelon, ambaye amekuwa akifanya majaribio ya kikatili kutafuta dawa. Unaulizwa: takwimu zake zihifadhiwe au zifutwe? Unachagua, unaendelea, na kwa saa nyingi sana hakuna anayekuuliza tena.

Gemu ya tatu, 2012, mko Tuchanka, sayari ya wakrogani, na dawa iko tayari. Kiongozi wa wasalari, jamii ya viumbe wengine, anakunong'oneza uiharibu bila wakrogani kujua. Hapa ndipo alama zote zinapokutana. Kama Wrex aliishi, kiongozi wa wakrogani ni yeye, mtu mwenye busara. Kama alikufa, yupo ndugu yake Wreav, mwenye kiu ya vita. Kama ulihifadhi takwimu za Maelon, mwanamke wa kikrogani anayeitwa Eve anapona. Kama ulizifuta, anakufa. Dawa ikipelekwa, Mordin anapanda mnara na hashuki. Ukitaka kuiharibu naye yumo njiani, itabidi umpige risasi. Ila Wreav akiwa ndiye kiongozi na Eve akiwa amekufa, Mordin mwenyewe anaweza kukubali hoja yako kwamba dawa hiyo ni hatari, akaondoka hai. Na ukimdanganya Wrex, ujue atagundua, na atakufuata kwenye kituo cha Citadel akiwa na bunduki.

Angalia kilichofanyika. Alama ya 2007 na alama ya 2010 zimesomwa katika tukio moja la 2012, na hazikubadilisha mapambo. Zimebadilisha kama kudanganya ni usaliti au ni tahadhari. Mtu aliyemuua Wrex kwa hasira miaka mitano nyuma anasimama mbele ya swali tofauti na lako. Mimi sijui mahali pengine kwenye gemu kubwa ambapo jambo hili limefanyika vizuri hivi.

Tena limefanyika kwa bei nafuu, na hili ni la kujifunza. Wreav amewekwa pale kukalia kiti cha Wrex. Mordin akiwa amekufa kwenye gemu ya pili, anakuja Padok Wiks kufanya kazi yake ya maabara. Jengo la tukio ni lilelile, wanaokalia viti ndio wanaobadilika. Mbinu hii ikitumiwa vibaya unapata malkia wa warakni, viumbe kama wadudu: ukimuua katika gemu ya kwanza, ya tatu inakuletea malkia wa kutengenezwa na kazi inabaki karibu ileile. Hapo mdogo wako angekuwa na haki ya kulalamika.

Na mwisho wa Mass Effect 3? Wachezaji walikasirika kiasi kwamba BioWare ilitoa nyongeza ya bure Juni 2012 ili kufafanua miisho. Baada ya maamuzi ya gemu tatu, mlangoni uliwekewa njia zilezile, na video zake zilifanana mno isipokuwa rangi. Hasira ilikuwa na sababu. Lakini mtu anayesema kwa ajili ya dakika kumi zile Tuchanka haina maana anafanya kosa lile lile la kupimia mwishoni.

Mass Effect 2 ilifunga vizuri zaidi kwa sababu rahisi: iliweka hatari zote kwenye kazi ya mwisho, ambapo hakuna tena kinachofuata cha kuandikwa mara mbili. Kama mtaicheza, sharti zake ni hizi. Meli inahitaji mambo matatu: mabamba ya kukinga mwili wa meli anayoyapendekeza mwenzako Jacob, kinga anayoipendekeza Tali, na mzinga anaoupendekeza Garrus. Kila kimoja kikikosekana, mtu mmoja anakufa kabla hamjatua. Anayetumwa kwenye bomba la hewa awe Tali, Legion au Kasumi. Wa kuongoza kikosi cha pili awe Garrus, Jacob au Miranda. Wa kushika kinga ya nguvu za akili awe Jack au Samara. Kila mmoja wao uwe umemaliza kazi yake binafsi ili akuamini, maana wasioamini hufa au huua wenzao. Na wafanyakazi wa meli wakishatekwa, ondoka papo hapo: ukienda moja kwa moja wote wanaokoka, ukifanya kazi moja hadi tatu kwanza nusu wanakufa, ukizidisha hapo anabaki daktari Chakwas peke yake. Wenzako wasipobaki angalau wawili, hata Shepard, mhusika unayemchezesha, anakufa na seve hiyo haiingizwi kwenye gemu ya tatu. Wengi wanapotelea kwenye lile la kuchelewa, kwa sababu gemu nyingine zote zimewazoesha kwamba "haraka!" ni neno la mapambo.

Kuna aina ya uamuzi ambayo inaonekana nzito sana na ukiikokotoa unaikuta nyepesi. BioShock ya 2007 inakuwekea wasichana wadogo wanaoitwa Little Sisters, ambao miilini mwao mna ADAM, kitu unachonunulia nguvu. Ukimuua msichana unapata ADAM 160. Ukimponya unapata 80. Inaonekana wema una bei ya nusu. Lakini kila ukiponya watatu unaletewa zawadi yenye ADAM 200 pamoja na vitu vingine. Wasichana wote ni 21: ukiwaua wote unapata 3,360, ukiwaponya wote unapata 3,080. Tofauti ni 280. Waliotengeneza waliogopa mchezaji mwema asije akakwama, wakamfidia, na walipomfidia wakaondoa ile njaa iliyofanya swali liwe swali. Mwisho wa gemu unatofautiana, ndiyo, lakini jaribu lenyewe limeshavunjika katikati.

Linganisha na Papers, Please ya Lucas Pope, 2013. Wewe ni ofisa wa mpakani. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni Busia au Malaba ataielewa ndani ya dakika mbili. Unalipwa 5 kwa kila mtu uliyemshughulikia kwa usahihi. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo, la tatu linakatwa kwenye mshahara. Jioni unagawa ulichopata: kodi, chakula, kuni za joto, dawa. Anapita mwanamume, hati zake zimetimia, anakuomba umhurumie mke wake aliye nyuma yake. Mke hana hati moja. Gemu haikuwekei vitufe viwili vya "mwema" na "mbaya", wala haikwambii kuna atakayekumbuka. Una muhuri wa kijani na muhuri mwekundu, na nyumbani una mtoto anayekohoa. Miisho yake ni 20, lakini uzito uko kwenye ile shilingi ya jioni. Ukitaka uamuzi uume, ufunge kwenye kitu ambacho mchezaji anakihitaji leo.

The Witcher 2, 2011, nitaitaja kwa ufupi kwa sababu ndiyo ya kumfunga mdomo mdogo wako. Mwishoni mwa sura ya kwanza unaamua kwenda na Roche, kamanda wa kikosi maalumu, au na Iorveth, kiongozi wa waasi. Sura ya pili ya wa Roche iko kambini kwa mfalme Henselt; ya wa Iorveth iko mji wa Vergen, upande wa pili wa vita hivyohivyo. Mji mwingine, watu wengine, kazi nyingine. CD Projekt waligharamia kweli nusu ya gemu ambayo mchezaji mmoja haioni. The Witcher 3 ya 2015 haikurudia ujasiri huo, ikachagua kingine: hatima ya Ciri, binti ambaye mhusika wako amemlea, inategemea vitu vidogo kama kucheza naye mipira ya theluji badala ya kumpa pombe, au kumwacha aingie peke yake kwenye mkutano wa wachawi. Majibu ya kumwamini yakizidi, anaishi. Wengi wanalisifu hili. Mimi naona lina kasoro: mtu aliyejibu kwa upole wa kawaida anaweza kumpoteza Ciri bila kujua alikuwa kwenye mtihani. Matokeo ya kustukiza ni sawa, mradi ukigeuka nyuma uone kwa nini. Hapa wengi wakigeuka hawaoni.

Jambo dogo linaloharibu maamuzi ya watu wengi hapa kwetu ni maandishi ya kitufe. Kitufe kina maneno matatu ya Kiingereza, kipima muda kinakimbia, kibandani kuna kelele, sauti imepunguzwa. Unabonyeza ukidhani mhusika atauliza kwa heshima, yeye anafoka. L.A. Noire ya 2011 ilisifika kwa hilo: kitufe cha kuonyesha shaka kilimfanya mpelelezi Phelps apige kelele kwa shahidi, hata toleo la 2017 likabadilisha majina ya vitufe. Washa manukuu kabla hujaanza, na kama kuna mpangilio wa kuongeza muda wa kujibu, uwashe. Na kumbuka, kwenye gemu za Telltale kukaa kimya hadi muda uishe ni jibu nalo, linaandikwa.

Sasa seve, kwa sababu ndiko mtakakopima wenyewe. Kipimo ni hiki: seve kabla ya uamuzi, cheza njia ya kwanza kwa saa mbili au tatu mbele, andika kwenye karatasi nani yuko, nani anakuita jina gani, milango ipi imefungwa. Rudi, cheza njia ya pili. Msiishie kwenye tukio linalofuata. Karibu kila gemu inabadilisha sentensi mbili zinazofuata, hiyo ni rahisi. Mnachotafuta ni alama inayosomwa baada ya kazi mbili au tatu.

Kwenye kompyuta, nakili folda nzima ya seve uiweke kwenye flashi. Gemu nyingi huiweka chini ya Documents au AppData. Zima kwanza usawazishaji wa mtandaoni, la sivyo intaneti ikirudi seve ya zamani inafunikwa na mpya. Kwenye PS4, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya data za seve, unakili kwenda USB. Lakini seve imefungwa kwenye akaunti, haitafunguka kwa akaunti ya rafiki. PS5 hairuhusu seve za gemu zake kwenda USB, inataka hifadhi ya mtandaoni ya kulipia. Gemu kama Until Dawn na Detroit hujiseve zenyewe palepale unapochagua, hivyo hata umeme ukikatika sekunde ile, uamuzi umeshaandikwa. Detroit ya 2018 angalau inakuchorea ramani ya matawi kila sura inapoisha, na visanduku vilivyofungwa ni njia ambazo hukupita. Ukirudi nyuma kubadilisha kitu humo, cheza sura zinazofuata kwa mpangilio. Ukiruka mbele, badiliko lako halisafiri nawe.

Kama mnachezea kibandani kwa akaunti ya wote, muwe waangalifu na Undertale, 2015. Inakumbuka hata ukianza upya. Mtu akiwahi kumaliza njia ya kuua kila kiumbe kwenye mashine ile, mwisho wa amani wa anayefuata unachafuliwa. Kwenye kompyuta ya Windows kumbukumbu hizo ziko AppData, Local, folda ya UNDERTALE. Ifute yote, pamoja na nakala ya mtandaoni kama ipo.

Kuzitambua kabla ya kununua, usiziamini namba za miisho. Kabla Baldur's Gate 3 haijatoka 2023, ilisambaa habari ya miisho 17,000. Alama 14 tu za ndiyo na hapana zikichanganywa zinatoa 16,384, kwa hiyo namba kama hiyo inahesabu michanganyiko, si hadithi elfu kumi na saba. (Gemu yenyewe ni nzuri na inasoma alama sana: ukiwasaidia wavamizi kuangamiza kijiji cha msituni, Wyll na Karlach wanakuacha, na wakimbizi uliowaua hawatakuwepo mjini baadaye.) Badala yake tafuta watu wawili walioimaliza, uwaulize mambo ya katikati. Sura ya pili ulikuwa mji gani? Nani alikupa kazi ya kumtafuta fulani? Nani alikuwa nawe ulipoingia ngome ya mwisho? Wakikupa majibu tofauti, matawi ni ya kweli. Wakikupa majibu yaleyale na kutofautiana kwenye video ya mwisho tu, kama wachezaji wa Life is Strange wanavyotofautiana, basi ujue unanunua hadithi ya kuisindikiza. Inaweza kuwa nzuri vilevile.

Mdogo wako akibisha bado, mpe Twine. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye kivinjari cha kompyuta, na ikimaliza inatoa faili moja la HTML ambalo mnaweza kutumiana kwa WhatsApp. Aandike hadithi ya mwendesha boda anayevusha mzigo asiojua una nini kutoka Busia hadi Mbale: maamuzi 5, matukio yasiyozidi 20, alama tatu tu, yaani pesa, kama aliufungua mzigo, na kama alimbeba abiria aliyekwama njiani. Sharti moja: kila alama isomwe mara mbili kabla ya mwisho. Ataanza na matawi yasiyokutana, na akifika uamuzi wa nne atakuwa na matukio 31 yanayomngoja na hajafika Tororo. Hapo atawaelewa waandishi waliomuua Doug.

Kwa pesa na bando lenu, ningeanza na Papers, Please. Tangu 2022 iko kwenye simu na inachezwa bila intaneti. Reigns ya 2016 pia ni ya simu: unatelezesha kadi kushoto au kulia, unalinda kanisa, raia, jeshi na hazina, na kimojawapo kikiisha au kikijaa kupita kiasi, mfalme wako anakufa. Mkiwa na kompyuta ya wastani, The Witcher 2, mmoja aende na Roche na mwingine na Iorveth. Mass Effect ziko pamoja kwenye Legendary Edition ya 2021, ila inataka nafasi ya GB 120, na Baldur's Gate 3 inataka GB 150. Hizo msizishushe kwa bando la simu. Tafuteni mtu mwenye intaneti ya nyumbani, mshushe kwa akaunti yenu mliyozinunulia kihalali, mbebe kwenye diski ya nje, kisha mkifika nyumbani mwambie programu ya duka ikague mafaili yaliyopo kabla haijaanza kushusha upya.